Chuo Kisichokuwa na Uwanja

Juzi niliunguza sukari. Nilikuwa natengeneza keki ya mwanangu, simu ikaita, nikageuka kidogo tu, na niliporudi jikoni sufuria ilikuwa imekwisha kuwa nyeusi. Mtu mwingine angefungua madirisha na kulaani simu. Mimi nilisimama pale nikiivuta ile harufu puani kama mwehu, maana ndiyo harufu ya Jumapili za utoto wangu: sukari iliyoungua, sabuni na mpira wa moto, vyote vikitoka kwenye viwanda vya Mobeni vilivyofungwa tangu Jumamosi lakini havikuacha kunuka. Nikamkumbuka Tantine Furaha, na hasira ikanipanda upya. Ni hasira nzuri lakini, ile inayomfanya mtu anyooshe mgongo.

Ninyi mliokulia Durban enzi hizo, mkiwa watoto wa watu waliofika na begi moja na anwani ya jamaa, mtakumbuka kwamba kila mtu mzima alikuwa anasoma kitu. Mchana anasuka nywele au anauza simu, jioni yuko darasani. Vyuo vilikuwa juu ya maduka, katikati ya mji. Ulipanda ngazi zenye harufu ya chipsi na siki, ukafika kwenye mlango wenye kibao. Tantine Furaha, mdogo wake mama yangu, alisomea ukatibu na kompyuta kwenye chuo kilichokuwa juu ya duka la mapazia. Kilikuwa na lifti iliyokufa zamani na madirisha yanayotazama ukuta wa jengo la pili. Mahali pa kuegesha baiskeli hapakuwepo, sembuse uwanja. Lakini Tantine alikipenda kuliko mnavyoweza kufikiri. Kila karatasi nyingine aliyokuwa nayo katika nchi hii ilisema yupo kwa muda, na kila alipokwenda kuiongezea muda alirudi amenuna. Chuoni aliandikwa jina lake kamili, akaambiwa aketi, basi.

Na Tantine alikuwa anakimbia. Alianza Uvira, kwetu Kongo, akiwa msichana, na hakuacha hata tulipokuwa njiani tunakuja kusini, alivyosimulia mama, maana kila tulipokaa mahali kwa wiki alitafuta barabara. Mwendo wake haukupendeza. Mabega yalipanda, mdomo ulibaki wazi, na kiwiko kimoja kilitoka nje kana kwamba anapita katikati ya watu sokoni. Lakini ukimwona anakuja ulisogea.

Jumapili tulipanda taxi pamoja, mimi na yeye, kumpelekea Papa, baba yangu, chakula. Papa alikuwa mlinzi kwenye geti la kiwanda kimoja Mobeni. Yeye alipokuwa anakula, Tantine alivua sketi, ndani amevaa bukta, akaondoka. Barabara za Mobeni zilijengwa kwa ajili ya malori. Ni pana na zimenyooka, na Jumapili zilikuwa tupu kabisa. Mimi niliketi ukingoni na Papa, nikimsikiliza Tantine anavyozunguka nyuma ya maghala, viatu vikipotea kisha vikarudi upande mwingine.

Aliyetuletea habari za Umoja ni Mwalimu Hamisi, Mtanzania wa Tanga aliyefundisha hesabu za biashara chuoni kwa Tantine. Alikuja kwetu Overport akiwa na tai yake, akakataa soda mara mbili kwa adabu, akaikubali mara ya tatu.

"Dada Furaha," alisema, "kuna umoja wa riadha wa vyuo vya jiji hili. Ni wa zamani sana. Waanzilishi walikuwa watatu, wote kule juu Berea, vyuo vya wazungu. Walikuwa wakishindana wenyewe kwa wenyewe. Wahindi wakatengeneza wa kwao, Waafrika wakatengeneza wa kwao. Kila mmoja na chake. Mabadiliko yalipokuja wakavunja kuta, wakawa kitu kimoja. Na sasa wanasema milango iko wazi kwa chuo chochote cha jiji."

Mimi nilikuwa chini ya meza na nilielewa kila neno kwa namna yangu. Kwangu mimi Umoja ulikuwa nyumba. Niliwaona wale waanzilishi watatu ni bibi watatu wa kizungu wanaokaa juu mlimani, sebuleni kwao, na Wahindi na Waafrika wanakaa nyumba za chini, mpaka siku mafundi walipokuja na nyundo kuvunja kuta. Nikatoa kichwa nikauliza, "Kama mlango uko wazi, kwa nini Tantine asiingie?"

Tantine akacheka. "Umesikia, Mwalimu? Hata mutoto iko anajua."

Alitaka kitu kimoja tu: kukimbia fainali ya Umoja mwishoni mwa msimu akiwa na jina la chuo chake kifuani. Mwaka ule ulikuwa wa mwisho kwake chuoni. Baada ya hapo angekuwa katibu muhtasi mahali fulani, au msusi kama mama, na hakuna mtu anayeandika jina la saluni kifuani akaenda kukimbia nalo. Kama chuo kingekubaliwa kuwa mwanachama mwaka huo, angekimbia. Kama sivyo, basi tena.

Walikwenda kwenye ofisi ya Umoja mchana, Tantine na Mwalimu, na mimi nikaburutwa kwa sababu hapakuwa na wa kunishika. Katibu wa Umoja alikuwa mzee wa kizungu mwenye soksi ndefu, na alikuwa mpole, jambo linalonikera mpaka leo, maana angekuwa mkali ningeweza kumchukia kwa raha. Akaeleza kwamba kila mwanachama lazima aandae raundi moja ya mbio kila msimu, nyumbani kwake. Ndivyo Umoja ulivyoishi tangu waanzilishi: leo kwangu, kesho kwako. Kisha akauliza chuo chetu kiko wapi. Mwalimu akataja mtaa na duka la mapazia.

"Sasa mtatukaribisha wapi?" akasema yule mzee akitabasamu. "Kwenye ngazi?"

Mwalimu Hamisi alitazama tai yake. Tantine hakutazama chini hata kidogo. Akasema kwa Kiingereza chake cha kujifunza, taratibu: "Mobeni. Siku ya Jumapili. Barabara ni zetu."

Kusema kweli hazikuwa zetu. Lakini mabosi wa viwanda walikubali, manispaa ikakubali, na walinzi wa Mobeni, ambao nusu yao walikuwa watu wa Bukavu na Kigoma, walikubali kabla hata hawajaulizwa. Siku chache baadaye Katibu alikuja kupima. Alikuja na gurudumu lenye mpini mrefu, akawa analisukuma barabarani huku linalia tik, tik, tik.

Mimi gurudumu lile lilinitia hofu. Kwetu Uvira, kabla hatujaondoka, watu walikuja kupima kiwanja chetu, wakazunguka nyumba kimya kimya, na baada ya muda si mrefu nyumba haikuwa yetu. Hicho tu ndicho nilichokijua kuhusu watu wanaopima. Basi nikamkimbilia yule mzee, nikasimama mbele ya gurudumu lake nimetanua mikono, nikaanza kupiga kelele kwa Kiswahili na Kizulu nilichookota shuleni. Papa alinyanyuka kwenye kiti chake. Tantine akamzuia kwa mkono.

"Anasema nini?" Katibu akauliza.

"Anasema barabara ni yetu," Tantine akatafsiri.

"Mwambie sitaichukua. Nataka kujua urefu wake tu."

Tantine akanigeukia. "Anataka kujua iko na urefu gani."

"Mwambie ni ndefu!" nikasema.

Alitafsiri hivyo hivyo. Yule mzee akanizunguka kwa heshima na gurudumu lake, akaendelea. Mimi nilimfuata nyuma mpaka alipomaliza, kuhakikisha haondoki na chochote.

Siku ya kuwakaribisha ilipofika, mama na wanawake wenzake walikuwa wamepika sombe ya majani ya muhogo, samaki, wali, maandazi na ndoo za juisi ya tangawizi. Walinzi walisimama kila kona wakiwa wamefuta viatu. Tantine na wasichana wenzake watatu wa chuoni walikuwa na fulana mpya za bluu, jina la chuo kifuani kwa herufi nyeupe. Na juu ya fulana hizo, wote wanne walikuwa wamejifunga vitenge.

Mwalimu Hamisi akauliza, "Hamvai viatu vya kukimbilia?"

Tantine alimtazama kana kwamba ameulizwa kama anakwenda kuoga mbele za watu. "Tukimbie na bageni, Mwalimu? Na nani atabapokea?"

Mwalimu akapiga paji la uso. "Astaghfirullah. Kweli. Nisamehe, dada."

Hapakuwa na mjadala zaidi ya huo, na hilo ndilo ninalotaka mlielewe. Kwetu mwenye nyumba hagombani na mgeni wake njiani, hampiti mlangoni, hakai kabla mgeni hajakaa. Mwalimu alitoka Tanga, sisi tulitoka Uvira, Kiswahili chetu kilitofautiana mpaka tukachekana, lakini hapo tulikuwa ndugu wa tumbo moja. Hakuna aliyefikiri kuuliza Umoja wenyewe wanafanyaje. Unauliza vipi kama unaruhusiwa kuwa na adabu?

Basi wageni walikimbia na wenyeji wakahudumu. Mbio za wasichana alishinda Thandeka, nahodha wa chuo kimoja cha wale waanzilishi wa Berea, msichana mrefu wa Kizulu aliyekimbia vizuri kiasi kwamba nilitamani awe na kasoro. Tantine ndiye aliyempelekea maji, akayashika kwa mikono miwili. Nilimwona anavyoitazama miguu ya yule msichana, nikajua anaumia.

Thandeka alikunywa, akaisoma fulana iliyochungulia juu ya kitenge. "Si wewe wanayesema unakimbia? Mbona hukukimbia?"

"Leo uko nyumbani kwangu," Tantine akamjibu.

Thandeka alitikisa kichwa. "Eish," akasema, "sikuelewi, dada." Kisha akaomba andazi jingine.

Wiki iliyofuata Mwalimu alitoka kwenye mkutano wa wanachama akaja moja kwa moja kwetu. Safari hii soda hakuikataa hata mara moja, na hapo nilipaswa kujua. Papa alikuwepo, mama alikuwepo, Tantine alisimama mlangoni.

"Wamesema hawajapata kukaribishwa namna ile," alisema. "Barabara wameisifu. Kona zilikuwa na watu. Chakula usiseme, kuna mmoja ameomba afundishwe sombe. Lakini..." Akaweka glasi chini. "Wamesema chuo chetu hakikutoa mkimbiaji hata mmoja. Na chuo kisicho na wakimbiaji hakiwezi kuwa mwanachama wa umoja wa riadha. Tujaribu tena mwaka ujao."

Papa alicheka kicheko kibaya. Mama akasema, "Haki ya Mungu." Mwalimu akaeleza kwamba aliwaambia, aliwaeleza habari ya mwenye nyumba na mgeni kutoka juu hadi chini, nao walitikisa vichwa kwa huruma, kisha wakarudi kwenye sheria yao inayomjua tu aliyevuka mstari. Naandika haya mikono ikiniwasha. Watu walikula mpaka wakalamba vidole, wakaenda zao wakasema nyumba haina wenyewe.

"Lakini Dada Furaha wamempa nafasi," Mwalimu akaongeza haraka. "Akimbie fainali kama mgeni. Fulana nyeupe, bila jina la chuo. Hatahesabiwa, ila atakimbia."

Tantine alisema akiwa palepale mlangoni, hakupandisha sauti.

"Miye siko mugeni ya mutu. Bageni balikuwa bao."

"Dada, hebu tulia kwanza, bwana. Ni mwaka wako wa mwisho. Nenda ukawashinde, waone aibu."

"Nikimushinda mutu, nani amemushinda? Fulana nyeupe?"

Papa naye akamsihi. "Furaha, kimbia tu. Jina utabeba ndani ya moyo."

"Ndani ya moyo nimebeba mingi sana, shemeji," akasema. "Hii nilitaka kuibeba inje."

Nilimkasirikia sana. Mimi nilitaka kombe. Nilikwisha kuwaambia watoto wa darasani kwamba linakuja nyumbani kwetu, nimechagua na mahali pa kuliweka, juu ya televisheni. Sikuona kitu kibaya katika fulana nyeupe. Fulana zangu zote za shule zilikuwa nyeupe. Siku ya fainali Tantine alifua. Alifua nguo zetu zote, mapazia, na mashuka yaliyofuliwa juzi yake, na nilipopita karibu na bafu nilimsikia analia huku maji yamefunguliwa. Nikafikiri analia kwa sababu amegundua amekosea. Nikaona ni haki yake.

Jumapili iliyofuata tulimpelekea Papa chakula kama kawaida. Tantine alivua sketi, na juu alikuwa amevaa ile fulana ya bluu, kwa mara ya kwanza bila kitenge. Alikuwa anafunga kamba za viatu pale getini wakati taxi iliposimama kwenye kona, na Thandeka akashuka peke yake. Alikuwa na suruali ya jinzi na mfuko wa plastiki mkononi. Alitembea katikati ya barabara tupu mpaka akatufikia, akamsalimia Papa kwanza, kwa mikono miwili.

"Nimepata kombe," akamwambia Tantine. Hakulisema kwa majivuno, alikuwa amenuna. "Wametangaza kwamba nimewashinda wasichana wote wa vyuo vya jiji. Nami nimekaa nalo wiki nzima, nalitazama. Mimi sipendi uongo." Akafungua mfuko. Ndani kulikuwa na viatu vya kukimbilia na fulana ya chuo chake, ile yenye nembo ya dhahabu. "Leo pia niko nyumbani kwako?"

Tantine akaifunga kamba ya kiatu cha pili. Mimi nilishika sahani ya Papa, kwa sababu nilijua kinachofuata: atakaribishwa, ataketi, atapewa wali, na hatutaona mbio.

"Leo hatupike," Tantine akasema, kisha akalirudia kwa Kiingereza ili lieleweke. "Leo hakuna chakula."

Thandeka akacheka, akaenda nyuma ya kibanda cha Papa kubadili nguo.

Papa alichora mstari kwa kipande cha tofali. Njia ilikuwa ileile ya mzee wa gurudumu: kutoka getini, kuzunguka maghala, kurudi getini. Papa akainua mkono, akaushusha, na wakaondoka, bluu na dhahabu, wakapinda kona wakapotea. Tulibaki na mlio wa viatu nyuma ya ukuta. Papa aliacha kutafuna. Mimi nilisali kwa haraka sala zote nilizozijua, hata ya chakula.

Walipotokea upande wa pili walikuwa bega kwa bega. Mdomo wa Tantine ulikuwa wazi, kile kiwiko kimetoka, na nembo ya dhahabu ilikuwa palepale ubavuni, haitoki. Walinzi wa mageti mengine walikuwa wamesimama juu ya viti vyao wanapiga kelele, "Furaha! Furaha!", na mmoja, nadhani Mzulu, akawa anaita Thandeka, wakaanza kutukanana kwa furaha barabara nzima. Nami nikapiga kelele mpaka koo likachanika. Kwenye mstari Thandeka alitangulia. Alitangulia kwa bega tu, lakini kila mtu aliliona.

Nikaangua kilio. Niliona sasa tumepoteza yote, uanachama, fainali, kombe, na hata barabara yetu wenyewe. Tantine alikuwa ameinama, mikono magotini, na nilipomkaribia nikakuta anacheka. Alicheka mpaka akakohoa. Sikuwa nimemwona na uso ule tangu Uvira.

"Umeshindwa!" nikamwambia kwa hasira. "Mbona unacheka?"

"Ndiyo, nimeshindwa." Alinivuta akanifuta kamasi kwa upindo wa fulana yake, palepale chini ya herufi nyeupe. "Furaha wa chuo cha yulu ya duka, ameshindwa. Umeona? Mugeni hawamushinde, wanamusindikiza tu. Miye nimeshindwa."

Sikuelewa. Niliendelea kulia kwa ajili ya kombe. Imenichukua miaka mingi, na fulana nyeupe kadhaa nilizopewa mwenyewe katika ofisi za nchi hii na kuzikataa, kuelewa jinsi alivyotajirika asubuhi ile kwa kushindwa.

Thandeka alikuwa amelala chali katikati ya barabara ya malori, anatazama juu. Alipopata pumzi akasema, "Hey, wewe. Tena Jumapili ijayo?"

Tantine aliniachia, akasimama wima, akaishusha fulana vizuri ili jina lisomeke.

"Kwa nini Jumapili?" akasema. "Sasa hivi."

Akarudi kwenye mstari, akamngoja anyanyuke.